Dakika Saba Mchana Kweupe

Pale ukumbini kila mtu aliitwa kwa kazi yake, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupiga piano, akawa Dada Piano. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa upande wa kushoto wa jukwaa, chini kidogo, ubavu kwa watazamaji na uso kwa waigizaji, akipiga kile alichoambiwa apige. Mwimbaji akipanda, anampandisha. Mcheza dansi akijikwaa, anamsubiri. Makofi yakipigwa, anapigiwa mwingine. Hakulalamika, kwa sababu hakuwa mtu wa manung'uniko, na pia kwa sababu alikuwa na uhakika kwamba siku akiachiwa piano peke yake, watu watamjua yeye ni nani. Siku hiyo ilifika, ila ilifika na masharti.

Walikuwa wanatayarisha mchezo wa mwanamke anayekwenda kumtembelea dada yake saa saba za mchana. Jua limesimama, madirisha yote yako wazi, chai mezani bado ina joto, na dada mwenyewe hayupo. Mwanamke anapita chumba hadi chumba kumtafuta, kimya, dakika saba nzima bila kutamka neno. Hakuna giza, hakuna mlango unaokwaruza, hakuna mtu anayeruka kutoka kabatini. Mwongozaji wa mchezo, ambaye walimpa jina la Kamanda kwa sababu hata maji ya kunywa huyaomba kwa kuamuru, alitaka watazamaji waogope mpaka wasahau kukohoa.

"Nataka wauogope mwanga," alisema. "Giza hata mtoto mchanga analiogopa, hiyo si kazi."

Fundi Sauti alikuwa amemletea muziki wa kwenye kompyuta: fidla zinazopiga mayowe, upepo, na moyo unaodunda, du, du, du. Waliufungulia kwenye mazoezi, kwenye spika mbili ndefu kuliko Kamanda mwenyewe. Yule aliyeigiza mwanamke wa chai, mama mmoja mtu mzima waliyemwita Malkia kwa kuwa aliwahi kuigiza malkia mara tatu na hakushuka tena kitini, alipita vyumba vyote huku akipiga miayo.

"Samahani," akasema Malkia, "lakini hicho kitu kinaniambia niogope kabla sijafika mlangoni. Mimi si mjinga, nitaogopa mwenyewe."

Ndipo Dada Piano akasimama. "Niachieni mimi hizo dakika saba."

Kamanda akamgeukia. "Umeshaandika?"

"Siandiki. Nitakaa, nitapiga."

"Utapiga nini?"

"Nitajua nikishakaa."

Fundi Sauti akacheka kwa pua. Kamanda hakucheka. Alikuna kidevu, akatazama piano ile, sanduku kuukuu la mbao nyeusi lililosimamishwa kama kabati, akapima kwa macho nafasi iliyochukua sakafuni.

"Sikiliza basi," akasema. "Jumamosi saa kumi alasiri wanakuja waalikwa kututazama tukijaribu. Ukiwatisha, dakika saba zako, na kiti chako. Usipowatisha, spika zinafanya kazi yote, si hapo tu, mchezo mzima na michezo yote itakayofuata. Na hilo sanduku linatoka, naweka viti. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Mtu mwingine angekesha akigaagaa kitandani. Yeye alilala fofofo siku zote nne zilizobaki, maana alikuwa na siri.

Siri yenyewe ilikuwa kibao kimoja cheupe, noti ya ti iliyo chini kidogo ya katikati. Ndani ya piano, noti kama ile huwa na nyuzi tatu zinazogongwa kwa pamoja na nyundo moja, nazo zikikazwa sawasawa hulia kama uzi mmoja. Kwenye ti ile, uzi mmoja kati ya hizo tatu ulikuwa umelegea kwa uzee, kidogo tu. Ukiipiga kwa nguvu hukusikia kasoro. Lakini ukiibonyeza taratibu, ikalia peke yake, ilitetemeka, ikayumba, kama mtu anayelia chumba cha pili huku kajiziba mdomo kwa kanga. Aliigundua siku moja akiwa peke yake ukumbini, mwili ukamsisimka, na tangu hapo hakumwambia mtu. Wapiga muziki ndivyo walivyo, wachoyo wa vitu vya namna hiyo. Dakika zake saba zote alikuwa amezipanga kichwani kuizunguka ti ile. Ataianza mbali, ataisogelea, ataiacha, atairudia, na mwisho ataiacha ilie yenyewe. Hakukuwa na haja ya kuhangaika.

Jumamosi alifika saa nane kamili, mapema, ili apashe vidole moto. Alipofungua mlango wa ukumbi alisikia mtu akikoroma.

Mjomba wake alikuwa amejinyoosha kwenye viti vitatu vya safu ya mbele, miguu juu, koti limefunika tumbo. Pembeni mwake palikuwa na ule mfuko wake wa ngozi ambao Dada Piano aliujua tangu utoto: vipande laini vya kitambaa vya kuzibia nyuzi, kile chuma cha meno mawili kinachotoa noti moja tu, na wenzo wenye mpini wa mbao wa kukazia vigingi vinavyoshika nyuzi. Mjomba alikuwa fundi wa kusawazisha piano. Kwa miaka arobaini alikuwa akiingia majumbani mwa watu, mashuleni na makanisani, akizikaza nyuzi zilizolegea, na sikio lake lilikuwa kali kiasi kwamba hakuweza kukaa kwenye chumba chenye kengele mbovu. Yeye ndiye aliyemfundisha mpwa wake kupiga, yeye huyohuyo.

"Shikamoo, Mjomba." Sauti yake ilikuwa imeshaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Marahaba, mwanangu, marahaba!" Mzee akaamka, akajifuta mdomo, akatabasamu hadi magego yakaonekana. "Nilisikia kwa mama yako kwamba leo unapiga peke yako mbele za watu. Peke yako! Nikasema, hapana, siwezi kumwacha mtoto wangu aaibike. Nimefika hapa saa mbili asubuhi, mlinzi kanifungulia. Vibao vyote themanini na vinane, hakuna nilichokiacha."

Dada Piano aliweka mkoba chini, akaenda kwenye piano, na bila hata kukaa akabonyeza ti yake, taratibu, jinsi alivyozoea.

Ikalia safi. Imetulia, imenyooka, nyuzi tatu zikisema neno moja.

"Umeisikia hiyo?" Mjomba alisema kwa furaha nyuma yake. "Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. We acha tu! Ilikuwa inalia kama paka aliyebanwa mlangoni. Sijui mlikuwa mnavumiliaje humu ndani."

Alikaa kwenye kiti cha piano, mgongo kwa mjomba wake, kwa sababu hakutaka auone uso wake. Hasira ilimpanda. Ungemkasirikia vipi mzee wa miaka sabini aliyeinama ndani ya sanduku la vumbi tangu asubuhi kwa ajili yako? Lakini alikasirika, tusidanganyane. Alitamani kuupiga mfuko ule teke.

"Mjomba," alisema hatimaye, "ile ti ndiyo niliyokuwa naitegemea."

"Kuitegemea kivipi?"

Akamweleza yote, Kamanda, spika, mwanamke wa chai na kile kilio cha chumba cha pili. Mzee alisikiliza huku mdomo ukizidi kufunguka. Mpwa wake alipomaliza, Mjomba akatazama mikono yake.

"Nimekuharibia," akasema.

"Nipe wenzo. Nitaulegeza mwenyewe ule uzi. Robo ya robo ya mzunguko, basi."

Akanyoosha mkono. Mjomba akautoa wenzo mfukoni, lakini hakumpa. Akaushika kifuani kama mtu aliyebeba kuku.

"Mkono wangu haujawahi kuharibu piano," alisema, "na wako haujui kwa sababu sikuufundisha hilo. Lakini hii si piano yangu. Nitakupa. Kwanza nijibu: hao watu wakiogopa leo, watakuwa wametishwa na nani?"

"Na mimi."

"Na uzi uliolegea. Wewe utakuwa umekaa hapo tu, unaubonyeza. Basi wewe na yule kijana wa spika mna tofauti gani? Naye anabonyeza."

Lilimchoma. Lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu alikuwa ameshalijua tangu siku nne zilizopita, pale alipoanza kulala usingizi mzuri kupita kiasi. Alitazama wenzo, akautazama mpini ule wa mbao uliong'aa kwa jasho la miaka arobaini. Kisha akarudisha mkono wake magotini.

"Rudisha mfukoni," akasema. "Na tafadhali, Mjomba, keti. Usiongee."

Saa nane na dakika ishirini. Alikuwa na saa moja na nusu na ushei.

Alianza na yale ambayo kila mtu huanza nayo. Akashuka chini kabisa, akakandamiza vibao vitano vya mwisho kwa kiganja, akaacha vivume.

"Ngurumo," alisema Mjomba, ambaye hakuweza kutoongea.

Fundi Sauti, aliyekuwa ameingia na kuanza kuburuta nyaya zake, akainua kichwa. "Hiyo hata mimi ninayo, dada. Ninazo za aina sita."

Akapanda juu, akatekenya noti za mwisho kulia, ndogondogo, zinazokwaruza kama kucha kwenye kioo. Zilikuwa mbaya tu, hazikutisha. Akashika vibao viwili vinavyogusana, cheupe na cheusi, vikagombana. Ugomvi hautishi, unaudhi. Kila alichokishika kilikuwa kinapiga kelele, na kila kilichopiga kelele kilimkumbusha zile fidla. Jasho lilianza kumtoka kwapani. Akaiacha piano, akakunja vidole, akaangalia jukwaa.

Mafundi wa jukwaa walikuwa wamekwisha kupanga nyumba ya yule dada. Meza, vikombe viwili, pazia jepesi dirishani, na taa kubwa ya manjano nyuma yake iliyofanya mwanga uingie kama jua lenyewe. Ilikuwa nyumba nzuri. Ungependa kukaa pale. Hakukuwa na kitu chochote kibaya ndani yake, na ndicho kilichokuwa kikiogofya, kwamba kila kitu kilikuwa sawa na mtu hayupo.

Akatabasamu peke yake. Kumbe alikuwa anatafuta uovu mahali ambapo hapakutakiwa uovu!

Akarudi kwenye vibao vyeupe vitupu, vile vya kwaya, do re mi fa so la ti, vitu ambavyo mtoto wa darasa la kwanza anaviimba. Kila wimbo unaotokana navyo una nyumbani kwake, na nyumbani huko kwa kawaida ni do. Unatoka do, unazunguka, unarudi do, watu wanapumua. Lakini hakuna sheria inayosema lazima nyumbani pawe do. Akaweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye fa, chini, akaiacha ilie mfululizo. Hapa ndipo nyumbani sasa. Noti ni zilezile saba, ila umehamia chumba kingine cha nyumba ileile, na kutoka hapo kila kitu unakiona kwa pembeni. Juu ya ile fa mkono wa kulia ukapiga so, ti, re kwa pamoja, fungu jepesi, la kupendeza.

Ukumbi ukajaa mwanga. Lakini ulikuwa mwanga uliozidi. Ile ti, ti safi, ti iliyonyooka ya Mjomba, ilielea juu ya fa mbali kidogo kuliko inavyostahili, hailingani nayo na haigombani nayo. Ulisikia asubuhi nzuri, kisha ukajiuliza mbona ndege hawalii.

Fundi Sauti aliacha kuburuta nyaya.

"Hapo," Dada Piano alisema kimoyomoyo. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, lakini kwa furaha. "Hapo nimekupata."

Hakurudia. Alijua akirudia ataipanga, na akiipanga itakufa. Alitaka ajue mlango tu; vyumba ataviona akishaingia. Akafunga kifuniko cha piano, akatoka nje kunywa maji.

Saa kumi waalikwa walikuwa wamekaa, kama watu themanini. Mjomba alikuwa safu ya tatu, katikati, koti amelikunja mapajani. Kamanda alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani, na pembeni mwake Fundi Sauti alikuwa na kidole karibu na kitufe. Waliafikiana kwamba kama ikifika dakika ya tatu na watu wanacheza na simu zao, spika zinafunguliwa papo hapo. Kamanda alimwambia hivyo usoni, naye akamjibu, "Utachoka kusimama."

Taa ya manjano ikawaka. Malkia akaingia, mkoba mkononi, akaita jina la dada yake kwa furaha mara moja, na hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho.

Dada Piano hakuanza. Alimwacha avuke sebule kwa kimya, aguse kikombe, aone kina joto. Malkia alipoondoa mkono kwenye kikombe, fa ya chini ikalia, polepole, kama imekuwapo muda wote na sasa ndipo umeitambua. Kisha lile fungu jepesi juu yake. Kisha wimbo mdogo, wa mtu anayefua nguo huku akiimba bila kufikiri, ukipanda fa, so, la, na kila ulipofika ti ukasimama kidogo na kushuka tena. Mwanamke mmoja safu ya pili alitabasamu. Baada ya muda tabasamu likabaki usoni lakini mwenyewe akawa halitumii tena.

Malkia akaingia chumba cha kulala. Kitanda kimetandikwa. Mkono wa kushoto ukashuka kwa nusu hatua moja, kutoka fa kwenda mi, na hicho ndicho kitu pekee kilichobadilika. Mkono wa kulia uliendelea na wimbo uleule wa kufua nguo, noti zilezile, mwendo uleule. Lakini nyumbani palikuwa pamehama tena. Sasa nyumba ilikuwa mi, na fa, iliyokuwa mwenyeji muda mfupi uliopita, ilikuwa imesimama juu yake karibu mno, inampumulia kisogoni. Jua halikupungua jukwaani, taa ilikuwa ileile. Hata hivyo watu kadhaa walitazama juu, wakidhani mtu kapunguza mwanga.

Mtu alikohoa. Dada Piano alimsikia, akamhesabu. Hakukohoa mwingine.

Alikuwa anajua sasa. Hakuwa anatafuta tena, vidole vilikuwa vinamtangulia naye anavifuata kwa raha, kama mtu anayetembea mtaa aliozaliwa. Malkia naye alikuwa ameacha kuigiza kwa mazoea. Alikuwa anaisikiliza piano. Akifungua kabati, anafungua taratibu. Akigeuka, anageuka kwa sababu fungu limegeuka. Dakika ya nne ilipita, spika zikabaki bubu.

Ndipo akafikia kile ambacho hata yeye hakukitarajia. Malkia alikuwa ameokota kiatu kimoja cha mtoto, na mchezo ule haukuwa umetaja mtoto yeyote. Dada Piano akapiga do, mi, so. Fungu la kawaida kuliko yote duniani, la kufungia nyimbo za shuleni. Kisha kila kidole kikasogea nusu hatua tu, viwili vikishuka na kimoja kikipanda, likawa fungu lingine, pole, la huzuni, zuri nalo. Ukilipiga peke yake hakuna anayeshtuka. Lakini ukiyafuatanisha haya mawili hayana hata noti moja ya pamoja. Ni wageni wawili wapole walioketishwa kwenye kochi moja, kila mmoja anatabasamu, na hakuna aliyemwalika mwenzake. Do, mi, so. Halafu lile. Do, mi, so. Halafu lile. Taratibu, bila kuongeza nguvu, pedali ikiwa imekanyagwa nusu ili la kwanza libaki kidogo ndani ya la pili.

Baridi ilimpita yeye mwenyewe mgongoni. Safu ya pili yule mwanamke alimshika mumewe mkono. Safu ya tatu Mjomba alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti chake, uso umekunjamana, kichwa ameinamisha upande wa piano jinsi afanyavyo akiwa kazini.

Malkia akafika mlango wa mwisho. Kwa mujibu wa mchezo anaufungua, pazia linashuka. Piano ingetakiwa kurudi nyumbani hapo, do au fa au hata mi, popote, ili watu wapumue. Dada Piano aliondoa noti moja, akaondoa nyingine, mpaka ikabaki fa chini na ti juu, mbali mbali, safi zote mbili. Akainua mikono, akaacha pedali chini, zikafifia zenyewe bila kufika popote. Na Malkia, aliyefungua mlango ule mara thelathini kwenye mazoezi, aliweka mkono kwenye kitasa, akautoa, na hakufungua. Pazia likashuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Taa za ukumbi ziliwashwa kwa mapumziko na watu themanini wakabaki walivyokaa. Kisha mwanamume mmoja wa safu ya mbele akamgeukia jirani yake, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kujitoa woga, "Piano yao mbovu, hii."

"Mbovu?" Mjomba alikuwa ameshasimama. Lakini hakugombana na yule bwana. Alikuwa na uso wa mtu aliyekutwa na msiba. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye piano, akachuchumaa karibu na mpwa wake, akanong'ona, "Mwanangu, nisamehe. Kuna vigingi vimeteleza. Nimevisikia, si kimoja, viwili au vitatu. Sogea niviangalie kabla hawajarudi."

"Hakuna kilichoteleza, Mjomba."

"Usinifiche. Masikio ninayo."

Akasogea. Mzee akaushika wenzo kwa mkono wa kulia, tayari, na kwa kidole cha shahada cha kushoto akaanza kubonyeza kibao kimoja kimoja, kutoka chini. Ukumbi mzima ukimtazama. Alisikiliza kila noti hadi ilipoisha. Alipofika fa ya chini akairudia mara mbili, akaenda mbele. Alipofika ti akairudia mara tatu. Kamanda alikuwa ameshuka toka nyuma na amesimama kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakuamuru mtu chochote. Mjomba akamaliza cha themanini na nane, kile kidogo cha mwisho kulia kisichosikika vizuri, akanyooka.

"Zote nzima," akasema.

"Najua."

"Sasa kile nilichokisikia kimetoka wapi?"

Dada Piano akapitisha mkono mbele yake, akapiga do, mi, so. "Hili zuri?"

"Zuri."

Akapiga lile lingine. "Na hili?"

"Zuri pia."

Akayapiga moja baada ya jingine. Mjomba akauondoa mkono wake kwenye ukingo wa piano haraka, kama aliyegusa sufuria. Vinyweleo vya mkono vilikuwa vimesimama, vyeupe, kila mtu wa karibu aliviona. Alimtazama mpwa wake kwa muda mrefu. Alikuwa akimtazama mtoto aliyemkalisha mwenyewe juu ya mito miwili ili afikie vibao, na ilionekana wazi kwamba anafikiria upya.

"Mimi sikukufundisha hicho," akasema.

"Hapana, Mjomba."

Kamanda akakohoa. "Fundi Sauti!" aliita, na safari hii sauti yake ilirudi yote. "Toa spika hizo mlangoni, watu wanataka kupita!" Kisha, kwa Dada Piano, chini kidogo: "Kwenye sehemu ya pili kuna dakika nne pale dada anaporudi. Nilikuwa nimempa kijana wa spika. Utazitaka?"

"Nilikuwa nimeshazihesabu kuwa zangu," alijibu. Akavuta kiti, akakifuta kwa kiganja, akakaa.

Kengele ya kurudi ikalia. Watu waliingia wakinong'ona, wakipapasa viti vyao kwanza kabla ya kukaa. Dada Piano aligeuza kichwa kumtafuta mjomba wake safu ya tatu, amwone kabla hajaanza. Kiti kilikuwa kitupu. Akatafuta zaidi. Fundi yule, aliyeugusa kila uzi wa piano ile kwa mkono wake asubuhi na kujiridhisha tena dakika tano zilizopita kwamba haina kasoro, alikuwa amebeba koti lake na mfuko wake hadi safu ya mwisho kabisa. Alikuwa amechagua kiti cha pembeni, jirani na mlango, na mlango wenyewe alikuwa ameushikilia kwa mguu ili usifungwe.